Anti, rangi inatoka kwenye fulana na kaka anataka nikope milioni 3

SWALI

Shikamoo anti. Mi ni dada wa miaka 27, naishi Mbagala, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa miaka miwili. Nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya kuprinti fulana na mabango, mwanzo nilikuwa nakunja tu na kupanga mizigo ila baadae fundi akanifundisha kuvuta rangi kwenye fremu, nikaipenda sana hii kazi anti, yaani ile unainua fremu unakuta maandishi yamekaa safi mi nasikia raha mpaka leo. Karakana ikafungwa, tukarudi nyumbani. Nina akiba yangu laki 9 nimeikusanya kwenye kikoba na nimeamua nianze mwenyewe hapahapa nyumbani.

Nimeshanunua fremu mbili zilizofungwa wavu, mpira wa kuvutia rangi, dawa ya picha ile ya kupaka kwenye wavu na kopo la rangi nyeupe na nyeusi, zote rangi za maji. Nikaprinti fulana kadhaa za majaribio nikagawa kwa ndugu. Anti zilitoka nzuri, watu wakasifia, ila baada ya kufuliwa ile nyeupe kwenye fulana nyeusi imeanza kutoka vipande, nyingine imefifia kabisa. Niliianika juani kutwa nzima halafu nikapitisha pasi, sasa sijui nakosea wapi. Na hata picha kwenye fremu kuna siku inafunguka vizuri kuna siku nikimwagia maji inaondoka yote.

Sasa wenzangu wa kikoba wanataka fulana 40 kwa ajili ya sherehe yetu ya kugawana, rangi moja tu kifuani, sherehe ni baada ya wiki sita. Wanasema niwafanyie 8,000 kila moja pamoja na fulana yenyewe kwa sababu mi ni mwenzao, hela watalipa siku ya kuchukua mzigo. Kuna kijana mwingine anataka jezi 30 zenye nembo ya klabu kubwa akauze siku ya mechi. Kaka yangu anasema haya mambo ya fremu yamepitwa na wakati, nikope milioni 3 ninunue mashine ya presi ya kubandikia kwa moto na printa ya DTF, ile inayochapisha picha kwenye karatasi maalum halafu unaibandika kwenye fulana, tena kuna watu anawajua wanatoa mkopo siku hiyohiyo, rejesho kila wiki. Mume wangu hapingi biashara ila anasema chumba kimoja na sebule na mtoto mdogo hizo kemikali zitakaa wapi, na umeme tunachangia LUKU na wapangaji wengine watatu.

Anti nishauri, nikope? Na hiyo oda ya kikoba niichukue au niache?
Fundi Mpya, Mbagala

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuikusanya hiyo laki 9 maana najua kikoba kinavyobana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Kaka yako anaongelea mashine, kikoba wanaongelea bei, mume anaongelea nafasi, ila kitu kitakachoamua kama biashara hii inasimama au inakufa umekiandika mwenyewe katikati ya barua ukapita haraka: rangi inatoka ikifuliwa. Tuanze na hapo, na mi nakuomba kabisa usipokee hela ya mtu yeyote mpaka hilo liishe, kwa sababu mtu mmoja akivaa fulana yako ikabanduka kifuani atawaambia kikoba kizima na mtaa mzima, na wewe ndo kwanza unaanza.

Rangi ya maji kukauka na kushika ni vitu viwili tofauti. Jua linaondoa maji tu, ukigusa unaona imekauka, ila ile gundi iliyomo ndani ya rangi haijajifunga kwenye nyuzi za pamba. Inahitaji moto wa kweli, kwenye nyuzi joto kama 150 mpaka 160, kwa dakika kadhaa sio sekunde kadhaa, na juani hata pale Mbagala mchana wa Januari hufiki hata nusu ya hapo. Hiyo pasi uliyoipitisha naamini uliipitisha kama mtu anayenyoosha shati la kazini. Fanya hivi: acha fulana ikauke kabisa kwanza, usipige pasi rangi ikiwa mbichi, halafu weka pasi kwenye alama ya pamba, bila mvuke, tandika kitambaa chembamba cha pamba juu ya maandishi, pita taratibu ukisogeza pasi kidogokidogo kwa dakika 3 mpaka 5 kwa kila eneo, geuza fulana ndani nje urudie. Soma kopo lako pia, kuna rangi zinazokuja na kichupa cha dawa ya kushikisha ambayo inachanganywa siku hiyohiyo ya kuprinti, kama uliuziwa rangi ya kupimiwa kwenye kikopo kisicho na maandishi rudi dukani ukaulize kama ina dawa yake, na kama muuzaji hajui badilisha duka.

Nyeupe kwenye nyeusi ndo kazi ngumu kuliko zote kwa rangi ya maji. Nyeupe ya kawaida ni nyepesi, inazama kwenye kitambaa cheusi halafu unaona kijivu, sasa mtu anajaza rangi nyingi ili ionekane, na kwenye ile tabaka nene moto wa pasi haufiki mpaka chini, ndo inakuja kutoka vipande. Tafuta nyeupe nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo za giza, vuta mara moja, kausha kidogo, vuta tena nyembamba, fremu isisogee hata kidogo katikati. Na kama ulikuwa unaongeza maji ili rangi iteleze naomba uache, unapunguza ile gundi yenyewe. Najua kwa joto la Dar rangi inakauka kwenye wavu hata kabla hujafika fulana ya kumi, ila dawa yake ni kufunika wavu na rangi kila ukimaliza kuvuta, yaani unaisambaza bila kukandamiza ili matundu yakae mabichi, na kuwa na chupa ya kupulizia maji kama ukungu tu. Feni izime, najua joto ni kali ila feni ndo inakukaushia fremu.

Ukishapiga moto, acha fulana ipumzike siku nzima halafu ifue. Ifue kama inavyofuliwa kweli nyumbani, sabuni ya unga, kufikicha kwa mkono, kuanika juani, tena na tena mpaka uridhike. Chukua fulana tatu, moja piga pasi dakika 2, nyingine 4, nyingine 6, andika kwa peni ndani ya kola ili usisahau, zifue pamoja. Ile itakayobaki imara ndo kipimo chako na usikiache. Kama hata ya dakika 6 inatoka basi tatizo ni rangi, sio mkono wako.

Kuhusu picha kufunguka siku moja na kuondoka yote siku nyingine, hiyo dawa ya picha inagandishwa na mwanga, pale penye wino mweusi wa filamu, yaani ile karatasi ya kuonesha iliyochapishwa mchoro wako, mwanga haupiti, panabaki laini na maji yanapaondoa. Ikiondoka yote maana yake mwanga haukutosha, au fremu ilikuwa bado na unyevu ndani ulipoipeleka juani. Hili la unyevu linawasumbua mafundi wengi wa pwani, kuanzia Machi mpaka Mei mvua za masika zikishika fremu unaweza kuona imekauka kumbe bado, iache usiku kucha kwenye giza mahali pakavu. Na ikigoma kufunguka, mwanga umezidi au wino wa filamu ni hafifu, inua filamu kwenye taa, ukiona mwanga unapenya kwenye herufi chapisha mbili uzibandike moja juu ya nyingine. Jua nalo la saa nne sio la saa saba, kwa hiyo chagua muda mmoja wa mchana uushikilie huo, chukua fremu moja ya majaribio, ifunike na kadibodi, kila sekunde 30 unasogeza kadibodi kidogo, ukimwagia maji utaona mwenyewe ni kipande gani kimetoka sawa. Halafu kabla ya kupaka dawa osha wavu na sabuni ya vyombo, mafuta ya vidole yanatosha kabisa kuleta vitundu. Wavu wenyewe uwe namba 43, yaani nyuzi 43 kwa sentimita, huo ndo wa fulana. 77 ni kwa maandishi madogo, na ukiuziwa 120 ule ni wa karatasi na stika, rangi ya nguo haitapita vizuri.

Sasa dawa yenyewe, na hapa nasema kama mama. Kuna watu wanauziwa ule unga wa rangi ya machungwa, bikromati, kwenye kimfuko bila maandishi, wanachanganya na gundi ndo inakuwa dawa ya picha. Ni rahisi kweli na mafundi wengi wa zamani wanautumia, lakini ni sumu, inasababisha saratani na inaharibu ngozi, na wewe una mtoto wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni. Usiuingize ndani ya nyumba yako. Nunua dawa ya kisasa iliyotayarishwa au ile ya kuchanganya na diazo, kidawa kinachokuja nayo ili ishike mwanga, bei iko juu kidogo ila utalala usingizi. Isikae kwenye friji ya chakula, na vyombo vya kazi visirudi jikoni hata vikioshwa. Mumeo ana haki kuuliza alichouliza, na mi nadhani rangi za maji ulizochagua ndo zinakuokoa hapo kwa sababu zinaoshwa na maji, huhitaji tina wala petroli. Ile rangi ya plastisoli ambayo karakana kubwa zinatumia haikauki yenyewe hata ukiiacha mwezi, inataka joto kama 160, na usafi wake una harufu na kemikali, kwenye chumba na sebule hapana. Ongea na mwenye nyumba mapema kuhusu kona ya uani kwa ajili ya kuoshea fremu, usimwage rangi pale wanapoogea watoto wa wapangaji wengine, kwangua rangi iliyobaki kwanza uirudishe kwenye kopo, futa na karatasi ndo uoshe.

Umeme nao usiuache uje kuleta ugomvi. Presi ya kawaida inakula wati 1,800 hivi au zaidi, pasi yako ni kama elfu moja, na ukiitumia dakika 5 kwa kila fulana kwa fulana 40 zile yuniti zitaonekana, wapangaji wataanza kuulizana nani anamaliza LUKU. Waambie kabla, changia zaidi wiki za kazi, au funga mita ndogo yako ukilipia unachotumia.

Tuje kwenye hela. Umeambiwa 8,000, tupige hesabu kwa namba za mfano halafu utaweka zako. Tuseme fulana ya pamba nzuri Kariakoo unaipata kwa 6,000, unanunua 42 sio 40 kwa sababu mbili lazima ziwe za kuharibika, hiyo ni 252,000. Filamu, dawa na muda wa kutengeneza fremu 25,000. Rangi na umeme 500 kwa fulana, 20,000. Usafiri na mzigo 10,000. Jumla 307,000 na hapo hujajilipa hata senti. Kikoba wanakupa 320,000. Unabaki na 13,000, umevuta, umepiga pasi, umekunja fulana 40, mgongo unauma. Jilipe 1,500 kwa kila fulana inakuja 367,000, yaani kila moja imekugharimu karibu 9,200 kabla ya faida, kwa hiyo bei ya uenzako iwe 10,500 na usione aibu kuisema. Waoneshe hesabu, watu wa kikoba wanajua hesabu kuliko wanavyojifanya.

Na angalia hiyo 25,000 ya fremu. Kwa fulana 40 ni 625 kila moja, haionekani. Mtu akija na fulana 4 inakuwa 6,250 kila moja. Hapo ndo wanaoanza nyumbani wanapoliwa, rafiki anataka mbili za birthdei ya mtoto zenye rangi nne, na kila rangi inataka fremu yake na picha yake, unatumia siku mbili kwa 20,000. Kaka yako hapa ana pointi nusu. Kwa kazi ya fulana moja au mbili zenye picha ya rangi nyingi DTF ni bora kuliko fremu, kweli kabisa. Ila huhitaji kumiliki printa. Mjini kuna watu wanachapisha DTF kwa mita, unapeleka dizaini, unarudi na karatasi zako, unabandika kwa presi ya kuazima au kukodi mpaka utakapojinunulia. Ile printa ina wino mweupe unaotuama na kuziba vichwa printa isipofanya kazi mara kwa mara, inafaa mtu mwenye oda kila siku, na wewe saa hii una oda moja na nusu.

Kwa hiyo mkopo huo, hapana. Rejesho la kila wiki linaanza wiki ya kwanza iwe una oda au huna, na biashara ya fulana ina misimu, mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne, kipaimara, harusi za Desemba, halafu inakuja miezi unakaa unaangalia fremu. Mikopo kausha damu imewatoa wanawake wengi vitanda na friji sebuleni, hujaja duniani kuwa mmoja wao. Mtu anayetoa mkopo siku hiyohiyo muulize leseni yake ya Benki Kuu, kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 anatakiwa kuwa nayo. Ukitaka mtaji mkubwa huko mbele, manispaa yako inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, mnaomba kama kikundi, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akuambie masharti. TIN inatolewa bure TRA, jina la biashara ni BRELA, leseni ni manispaa, anza na TIN wiki hii maana shule na makampuni yatakuomba kabla ya kukupa kazi.

Oda ya kikoba ichukue, ila kwa mpangilio huu. Wiki mbili za kwanza ni za majaribio na kufua, wiki ya tatu unawapelekea fulana moja iliyokwishafuliwa wavute, wafikiche, waione. Hapo ndo unaomba asilimia 70, kwenye 420,000 ni 294,000, inanunua fulana zote na kutengeneza fremu bila kugusa akiba yako. Inayobaki wanalipa kabla mzigo haujatoka mlangoni. Usipokee maagizo kwa simu ya maneno tu, waandike WhatsApp saizi ngapi za kila aina, maandishi yanavyosomeka herufi kwa herufi, yanakaa wapi, halafu katibu ajibu kwamba amekubali. Jina likikosewa kwenye fulana 40 mnataka mjue limekosewa na nani. Hii ishikilie zaidi kwenye fulana za msiba, familia ikiona jina la marehemu limekosewa hakuna punguzo linaloweza kuwafariji.

Yule kijana wa jezi mwambie hapana na usimpe sababu ndefu. Nembo ya klabu ni mali ya klabu, FCC, yaani Tume ya Ushindani, wanakamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na mzigo ukikutwa chumbani kwako wa kujibu ni wewe. Kuna jambo la kiufundi pia, jezi ni poliesta, ukiweka nyeupe kwenye jezi nyekundu halafu ukapiga moto ile rangi ya kitambaa inapanda, baada ya siku chache maandishi yanakuwa ya pinki. Akitaka fulana za pamba zenye maneno aliyotunga mwenyewe ya kushangilia, hiyo ni kazi halali, mpangie bei kama wengine.

Laki 9 usiimalize. Nunua rangi nyeupe nzito, dawa salama, kioo kinene cha kukandamizia filamu, meza ya mbao iliyonyooka yenye bawaba za kushika fremu ili isicheze, na kati ya fremu na fulana acha nafasi ndogo kama milimita 3 wavu usigande kwenye nguo. Hapo umetumia sehemu tu ya hela yako, nyingine ibaki kwenye simu au benki kwa ajili ya oda itakayokuja kubwa kuliko advansi.

Nijibu ukishafua zile tatu. Kama nyeupe bado inatoka nipigie picha mbili, moja ya mbele na moja ya upande wa ndani wa fulana, hapo ndani panaonesha kama rangi ilipenya kwenye nyuzi au imekaa juujuu, na piga pia picha ya maandishi ya kopo lenyewe pande zote.